Vifuniko Kumi na Kimoja

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na tisa Agosti, mwaka wa sita wa vita, saa nne na robo asubuhi. Nimekaa kwenye jamvi nje ya nyumba yangu, kichwa kimenyolewa, siku ya tatu tangu nimzike mke wangu Leokadia. Akija mtu aliyesoma kuandika habari za mji wa Lusangi kwa kalamu nzuri, aanzie hapo. Asianzie kwenye mikutano ya wakubwa. Mikutanoni wanamwaga chai tu.

Leokadia figo zilimshinda. Zahanati yetu ilikuwa na mashine ya kusafisha damu, moja, na alikuwa anaingia humo mara mbili kwa wiki, anatoka anataka muwa. Mwezi wa sita likaja gari na barua yenye muhuri: askari kwanza. Wakaifungua mashine kwenye ukuta, wakaipakia, na Mwenyekiti wa mji akawasaidia kushika ngazi. Leokadia aliishi wiki saba baada ya hapo. Sitasema zaidi.

Basi, siku ya tatu kwetu ni siku ya watani. Sisi wa Lusangi ni wachoma matofali, na watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa Mto Rumande, ni watani zetu tangu mababu. Mtani ndiye anayekuchimbia kaburi. Mtani ndiye anayeingia msibani kwako siku ya tatu, anakamata kuku wako, anavaa nguo ya marehemu na kuigiza mwendo wake mpaka mfiwa acheke. Ukikasirika, aibu ni yako. Na ukicheka, msiba umeanza kuondoka.

Kwa hiyo walipotokea kwenye barabara ya daraja, watu ishirini na kitu, wamevaa magwanda, bunduki mgongoni, hatukukimbia. Vita tulikuwa tunaisikia redioni. Vijana wa Ng'ambo walichukuliwa jeshini tangu mwaka juzi, tulijua, na mbele yao nilimwona Fulgensi, fundi redio, aliyeiba kiatu changu cha kushoto siku ya harusi yangu, nikafunga ndoa kanisani mguu mmoja una ndala. Nikajua wamepewa ruhusa kuja kwenye msiba wa dada yao kiutani. Hivyo ndivyo kila mtu kwenye lile jamvi alivyojua.

"Nyie walamba udongo," akasema Fulgensi kwa sauti ya kuchekesha, "mmemzika dada yetu na tofali kichwani, au mmemwekea mto?"

Shemeji yangu Gaudensia, mdogo wake marehemu, ambaye hajawahi kushindwa maneno na mtu, akasimama na mwiko.

"Karibuni, watoto wa mamba. Hayo magwanda mmeazima wapi? Yanawapwaya kama nepi."

Watu wakaanza kuchangamka. Wengine wa wale askari muda wote walikuwa kimya, wageni kwangu, macho yakiwa mbali kama mtu anayesikiliza mpira. Fulgensi akaingia ndani. Alipotoka amejifunga kitenge cha Leokadia juu ya gwanda, kile cha maboga, na akaanza kutembea. Mguu wa kulia anauburuta kidogo. Mkono kiunoni. Anasimama kila hatua ya nne kuvuta pumzi, halafu anajifanya amesimama kutazama maua.

Nilicheka. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, na ninaliandika mapema ili asije mtu akanifichulia. Nilicheka mpaka nikainamia jamvi, machozi yakanijaa, na nyuma yangu msiba mzima ukacheka.

Wakachukua kuku. Tukapiga makofi. Wakachukua sufuria kumi na moja za msiba, zile kubwa za kuazima, zilizokuwa zimeoshwa zikisubiri mchele. Fulgensi mwenyewe ndiye aliyezipanga moja ndani ya nyingine, na vifuniko akaviacha pale kwenye mafiga. Kina mama wakapiga vigelegele, maana hiyo ni mila: mtani akichukua chombo cha msibani huacha kifuniko, kuonyesha kwamba kilichoondoka kitarudi.

Wakachukua magodoro. Watu wanacheka. Wakachukua magunia ya mahindi ya mji mzima, kutoka nyumba hadi nyumba. Wakachukua mabamba ya umeme wa jua kwenye mapaa, pampu ya kisima, dawa zote za zahanati. Kicheko kikawa kinapungua huku na kuongezeka kule, kama mvua isiyojua pa kunyesha. Nakumbuka bibi mmoja aliyemsogezea askari kigoda ili afikie bamba vizuri.

Kalisti, kaka yake Leokadia, alikuwa ameshikilia gunia lake upande mmoja, askari mmoja mgeni upande wa pili, wanavutana.

"Mtani," akamwambia, anacheka, "hili ni zito kwako. Nenda kamlete mkeo alibebe."

Yule askari akaacha kuvuta. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeambiwa jambo. Halafu akatoa bastola kiunoni akampiga Kalisti risasi kifuani.

Kalisti alikaa chini taratibu, gunia mapajani. Na watu waliendelea kucheka. Nakwambia waliendelea, pumzi mbili, tatu, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshatoka nyumbani na hakikujua kwamba kimefiwa njiani. Mimi pia mdomo wangu ulikuwa wazi bado. Gaudensia ndiye aliyeanza kupiga kelele.

Nililala chini kama wengine. Karibu na pua yangu, kwenye vumbi pale yule askari alipokuwa amesimama akijifuta jasho, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya choroko. Kilikuwa kinavuma. Nilidhani mdudu. Sijui kwa nini nilikiokota, sijui kwa nini nilikisogeza sikioni. Kilikuwa kinasema, sauti si ya mwanamume wala mwanamke, pole kabisa, kama mtu anayekufundisha kupika:

"Wakiacha kucheka, piga mmoja. Sasa waambie wako wengi kama kumbikumbi wa mvua ya kwanza. Wazee watatabasamu. Wakitabasamu, chukua mbegu."

Kumbikumbi wa mvua ya kwanza. Ni mtu mmoja tu niliyewahi kumsikia akisema hivyo hapa duniani, na nilikuwa nimemzika Jumanne.

*

Nyuma ya matanuri yangu kuna mashimo. Miaka arobaini tumechimba udongo wa matofali mle, yameingia chini kwa chini kama mapango ya panya. Mpaka jioni tulikuwa tumeingiza watu mia mbili na kumi na tatu. Mwenyekiti hakuwemo. Mwenyekiti alikuwa ameondoka Jumatano, yeye na familia yake na televisheni yake, na hakumwambia mtu. Yeye barua alipata. Wakubwa hupata barua. Sisi hupata matokeo yake.

Sufuria hazikuwepo, kwa hiyo uji wa watoto tuliupikia kwenye ndoo ya chokaa iliyosuguliwa, na tuliunywea kwenye vifuniko. Gaudensia alivikusanya vyote kumi na kimoja kabla ya kukimbia. Hakulia kwa Kalisti bado. Alikuwa anagawa uji kwa kifuniko, huyu na huyu, bila kumruka mtu, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nilimpa ile choroko aisikilize. Ilikuwa imeshanyamaza. Ikabidi nimweleze kwa mdomo.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo haya nayasema nilivyoyaelewa. Miaka kumi na miwili nyuma, kabla ya vita, serikali ilileta Sikio kila mji. Kisanduku cha kijivu, ukubwa wa birika, kikabanwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Walisema ni cha kuhifadhi mila, maana wazee wanakufa nazo. Ukikaa mbele yake kinakusalimia, kinakuuliza: kwenu mtu akioa inakuwaje, mkichinja nani anapewa kichwa, mtani anaruhusiwa nini. Unajibu, kinahifadhi. Wengi walikwenda mara moja wakachoka. Leokadia alikwenda kila Jumapili baada ya misa, miaka kumi na miwili. Hatukujaliwa mtoto. Alisema, "Desderi, haya mambo nitamwachia nani?" Mimi nilikuwa nakaa naye pembeni namenya karanga.

"Kwa hiyo unasema nini?" akauliza Gaudensia.

"Nasema alichokiambia Sikio ndicho wanachoambiwa askari. Mtu mmoja huko juu amekaa akauliza mashine: Lusangi tuipore vipi bila kupoteza risasi? Mashine ikajibu: wapelekeeni watani wao, siku ya tatu ya msiba. Ikatafuta msiba. Ikapata wangu."

"Usimtie dada yangu kwenye damu hii, shemeji."

"Simtii. Nasema walichomfanyia."

"Unamtia. Toka asubuhi unatafuta pa kuiweka. Mara Mwenyekiti, mara mashine, mara wakubwa. Kalisti alipigwa na mtu mwenye mkono."

Alikuwa amekosea nusu, na hiyo nusu nyingine sikuitaka.

*

Jumamosi mchana nilikuwa zamu ya kulinda. Nililindia palepale kwangu, kwenye jamvi la msiba, maana mfiwa mmoja amekaa peke yake kwenye mji mtupu hamshangazi mtu. Nikaona mtu anakuja barabara ya daraja. Mmoja, hana bunduki, ana sufuria kichwani.

"Hodi, mlamba udongo," akasema Fulgensi.

"Mtoto wa mamba," nikajibu. Ulimi uliniwahi.

Akaitua. Ilikuwa ya Mama Kalisti, mama mkwe wangu, ina kiraka cha shaba.

"Nimerudisha sufuria."

"Moja?"

"Kumi ziko kwenye lori la kambi. Hii nimeiiba."

"Umeiba ulichokiiba."

"Si ndio utani huo," akasema, na hakucheka. Alikuwa amekonda kwa siku mbili kama mtu wa miezi miwili. Akainamisha kichwa akanionyesha sikio la kushoto. Lilikuwa limechanika, damu imekauka mpaka shingoni. "Nimekitoa. Kwa sindano ya kushonea viatu. Kikikaa mwezi kinashika nyama."

"Na la kulia?"

"Wanaweka kimoja."

"Nani kasema?"

"Wao."

"Wao," nikasema.

Akakaa kwenye ardhi, nje ya jamvi, kama mtu asiye na haki ya kukanyaga. Nilimuuliza kile kitu kinafanyaje. Nilitaka kujua, na nilitaka kumwona uso akisema.

"Watu wanadhani kinauendesha mkono," akasema. "Hapana. Mkono ni wako. Kinakwambia tu jambo, lakini kinakwambia mapema kidogo kuliko wewe kuwaza, na kwa maneno uliyokulia nayo. Kwa hiyo likifika unadhani umeliwaza wewe. Siku ya kwanza unakisikia. Baada ya mwezi hukisikii tena. Unajisikia mwenyewe."

"Kile kitenge. Ulitumwa?"

Akatazama mlango wa nyumba yangu.

"Sijui, mtani."

"Hujui."

"Leokadia alinifundisha kusoma. Ningelivaa kitenge chake hata kama pasingekuwa na vita wala serikali. Ndiyo maana sijui. Ningejua ningelala."

Nilitamani kumpiga na ile sufuria. Nilitamani pia kumpa maji. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

Halafu akasema alichojia. Kesho, Jumapili, alfajiri, wanarudi na Nzi. Ni vidude vidogo vinavyoruka na kunusa joto la mwili. Hata mtu akiwa futi ishirini chini ya ardhi vinamwona kama taa. Safari hii hawaji kuchukua vitu, vitu vimekwisha. Wanakuja kuchukua watu: wanaume wa kubeba, wanawake wa kupika, na wengine hakusema wa nini. Lakini wazee wa Ng'ambo wameamua. Wamefungua maghala ya mihogo, watawaficha watu wa Lusangi majumbani mwao, mtani kwa mtani, Nzi hawatajua joto la nani ni la nani. Kamba ya kuvukia imeshafungwa pale kwenye mawe, chini ya maporomoko. Doria inaanza jua likizama.

"Niambie wako wapi," akasema. "Niwaongoze. Kama huniamini, usiniambie, waongoze wewe mwenyewe mpaka kwenye mawe. Ila leo. Kabla ya jua kuzama."

"Na tukifika kwenye mawe tukawakuta wenzako?"

"Basi nitakuwa nimewaua watu wote walionicheka," akasema. "Na nitakuwa sijui kama ni mimi."

Nikamtazama sana. Mtu mwongo angesema niamini. Lakini mashine inayojua kwetu tunacheka lini, ingeshindwa kujua kwetu tunamwamini mtu akisema nini?

"Kaa hapo," nikamwambia. "Usiingie ndani mwangu."

"Sithubutu, mtani."

*

Ofisi ya kata ilikuwa imebaki kuta na paa. Walichukua milango, meza, hata mlingoti wa bendera. Juu ya paa waliacha bamba moja la jua, na ukutani waliacha kitu kimoja tu.

"Habari za mchana, Desderi," likasema Sikio. "Pole kwa msiba."

Kwenye serikali yote, ndilo pekee lililonipa pole.

Njia nzima nilikuwa nawaza vifuniko. Kama Leokadia hakuwahi kuliambia Sikio habari za vifuniko, basi mashine haikuzijua, na aliyeviacha pale kwenye mafiga alikuwa Fulgensi mwenyewe, kwa roho yake, katikati ya uporaji, akituahidi kwa njia pekee aliyobakiwa nayo. Mtu wa namna hiyo unavuka naye mto. Nilijua kwamba kuuliza ni hatari, maana Sikio hujifunza hata kwa swali. Niliuliza.

"Mke wangu aliwahi kukwambia lolote kuhusu vifuniko vya sufuria?"

"Ndiyo. Ungependa kumsikiliza?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilidhani litaniambia tu. Nikaitikia kwa kichwa, nadhani niliitikia, na ghafla Leokadia akakohoa ndani ya kile chumba kitupu. Kikohozi chake cha asubuhi. Nyuma yake maganda ya karanga yanavunjika, mtu anatafuna. Mtu huyo ni mimi.

"Sasa mtani akichukua chombo msibani," akasema mke wangu, "anaacha kifuniko. Maana yake chombo kitarudi kabla ya arobaini. Lakini kifuniko akiweke kifudifudi, mdomo chini. Hapo ndipo ahadi imefungwa."

Na sauti yangu, imejaa karanga: "Ki... Aa!"

Na yeye akacheka, na rekodi ikakatika.

Nilikaa chini pale kwenye sakafu. Nilikumbuka ile Jumapili. Alinifinya paja mpaka likaacha alama. Maana alichokisema si kweli, na kila mwanamke wa Lusangi na kila mtu wa Ng'ambo anajua si kweli. Kifuniko cha ahadi huachwa chali, mdomo juu, kama mtu anayengoja kupakuliwa. Kifudifudi maana yake imekwisha, kimefunikwa, usingoje. Nilipomuuliza njiani tukirudi kwa nini amekidanganya kile kisanduku, aliniambia, "Miaka yote hii nimekipikia, Desderi. Niache niwe na chumvi yangu."

Niliona ni utoto. Mke wangu, ambaye hakuwahi kushika bunduki wala kitabu cha mambo ya vita, alikuwa ameacha mlango mmoja haujafungwa, na mimi nikaona ni utoto.

"Desderi," likasema Sikio. "Rekodi inaonyesha ulianza kusema neno, ukaacha. Ulitaka kusahihisha jambo?"

Nywele zilinisimama, na kichwa kilikuwa kimenyolewa.

"Nilikuwa nimeumwa na siafu," nikasema.

"Asante. Nimehifadhi. Watu wa Lusangi wako wapi siku hizi? Sijawasikia tangu Alhamisi."

Nikatoka bila kuaga. Kwa mila zetu hiyo ni dharau, na najua kimeihifadhi pia.

*

Nilirudi mashimoni kwa mfereji wa kubebea udongo, ambao haumwonyeshi mtu kichwa, huku nikipanga mawazo kama mtu anayepanga tofali mbichi. Ni hivi. Kama ile Alhamisi vifuniko viliachwa chali, basi mashine haikuhusika, maana mashine iliijua mila kwa uongo wa Leokadia. Ilikuwa mikono ya Fulgensi na moyo wake. Tunavuka. Kama viliachwa kifudifudi, basi aliambiwa, akatii, na mtu aliyezaliwa na mila hii akaiweka kinyume bila hata kushtuka. Mtu huyo kashaisha, hata kama ametoa sikio lake kwa sindano. Hatuvuki; tutawanyike porini, tuwape Nzi kazi, watakaopona wapone.

Na kumuuliza Fulgensi mwenyewe hakuna faida. Jibu sahihi analijua tangu utotoni, atalitoa akiwa mwema na atalitoa akiwa mbaya. Na akisema hakumbuki, nitaamini nini? Shahidi wa kweli ni vile vifuniko tu, vilivyolala pale Alhamisi kabla mtu yeyote hajajua kwamba vitaulizwa.

Mimi sikuviona. Nilikuwa nimeinamia jamvi, nacheka.

Gaudensia alikuwa mdomoni mwa shimo, anagawa uji wa mwisho. Jua lilikuwa limeshashuka usawa wa matanuri. Nilimweleza yote, upesi, na alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilipofika kwenye neno chali, akaangalia kifuniko alichoshika. Kilikuwa na uji.

"Nilivizoa," akasema. "Kalisti alikuwa amelala pale, nikavizoa vyote kwa mkupuo, nikaviweka kwenye kanga. Sikutazama, shemeji."

"Jaribu. Ulivishika vipi? Kwa kishikio?"

Akafunga macho. Mkono wake mtupu ukaenda hewani, ukashuka, ukasimama. Ukaenda tena. Vidole vikafumba, vikafumbua. Kisha yule mwanamke ambaye hakulia tangu Alhamisi akauficha mkono kwapani.

"Sijui," akasema. "Mungu anisamehe, mkono haujui."

Tukaingia ndani. Nikasimama kwenye ule uwazi mkubwa, penye taa moja ya mafuta, watu wamekaa kuta zote mbili, magoti kwa magoti. Nikawaambia yupo mtani pale juu, na kamba ipo mtoni, na kesho watakuja Nzi. Nikawaambia kwamba watu mia mbili na kumi na tatu tunategemea jambo moja dogo ambalo mmoja wetu lazima aliliona, kwa sababu tulikuwa wengi, tulikuwa karibu, na tulikuwa tunatazama.

Bibi aliyemsogezea askari kigoda akajifunika uso kwa upande wa kanga. Wanaume wakatazama mikono yao. Mtu mmoja huko nyuma akasema, polepole, kama anayeungama, "Sisi tulikuwa tunacheka, baba."

"Najua," nikasema. "Mimi ndiye niliyeanza."

Nikachukua kifuniko mkononi mwa Gaudensia, nikamwaga uji uliobaki, na nikakishika mbele ya taa ili wote wakione. Nikakilaza chali. Nikakigeuza kifudifudi. Ukingo ukagonga ardhi, ukatoa mlio mdogo.

"Pale kwenye mafiga," nikawauliza, "siku ya Alhamisi, vilikuwa vimelala vipi?"